Miaka Elfu Mbili Mia Tano na Ishirini Kwenye Kitambaa Kimoja

Ng'ombe wa kwanza niliyemchora maishani alikuwa na miguu mitano. Chekeni tu, vijana, mimi mwenyewe nilicheka baadaye. Ilikuwa ukutani mwa bucha huko kwetu Tala, ndevu zangu bado zinaogopa kutoka. Mwenye bucha, mzee mmoja akiitwa Mutiso, alinipa kopo la rangi nyekundu na kopo la nyeupe akaniambia nimchoree ng'ombe mnono. Nilianza na kichwa. Kichwa kilitoka vizuri mpaka nikakipenda, nikakiongeza, nikakiongeza tena, na nilipofika huku nyuma hesabu ilikuwa imenipotea. Mutiso alitoka na kisu mkononi, akahesabu kwa ncha yake, moja, mbili, tatu, nne, tano. Akaniuliza huyu ni ng'ombe wa wapi. Nikamwambia ule wa tano ni mkia. Akauliza tangu lini mkia ukawa na kwato.

Hakumfuta lakini. Watu walikuwa wakivuka soko kuja kumwona, na mtu akishavuka soko zima hawezi kurudi bila nyama. Miongoni mwa waliokuja ni Fundi Njoroge, mwandishi wa mabango kutoka Nairobi, aliyekuwa ameitwa kuandika jina la chama cha ushirika. Alimtazama yule ng'ombe muda mrefu, kofia mkononi kama mtu aliye msibani. Halafu akaniambia, "Kijana, mkono unao. Hesabu huna. Mkono singeweza kukufundisha, lakini hesabu naweza."

Ndivyo nilivyoingia Nairobi. Shule nilikuwa nimeishia darasa la nne, si kwa ujinga, ila mwalimu alihamishwa na hakuna mwingine aliyekuja, na baada ya miezi miwili ya kucheza tukaona basi tumehitimu. Kwa hiyo hesabu yangu yote niliipata kwa Njoroge, kwenye kibanda chake nyuma ya barabara ya Kirinyaga, katikati ya kelele za mafundi wa magari. Alinifundisha mambo matatu ambayo ninyi wa kuchapisha mabango kwa mashine hamyahitaji tena, lakini nitawaambia tu, mzigo wa mzee ni maneno.

La kwanza, neno la mwisho ndilo la kupimwa kwanza. La pili, anza katikati uende pande zote mbili, la sivyo utaandika HOTELI kwa herufi kubwa na MAENDELEO yote yakae kwenye kona kama abiria aliyechelewa. La tatu lilinitoa jasho. Aliniuliza siku moja, nguzo kumi za ua zina nafasi ngapi katikati yake. Nikasema kumi. Akanituma nje nikahesabu ua wa jirani yetu aliyekuwa akiuza vyuma. Nilihesabu mara tatu. Tisa. Nilirudi nimenywea. Akasema mabango mengi yaliyopinda mji huu yamepindishwa na ile moja, mtu anahesabu nguzo akidhani anahesabu nafasi. Hilo lishikeni. Njoroge alikufa nikiwa bado namwogopa, Mungu amweke pema.

Sasa miaka ya elfu mbili ilipoingia, kazi yetu ilianza kukonda. Mashine za kuchapa zilifika mjini, bango la plastiki linatoka likiwa na picha ya mwenye duka akicheka, ukisubiri soda tu limeisha. Nilikwenda mara moja Kilimani kwa vijana fulani wa ofisi walionipigia simu. Mmoja akanisalimia, "Niaje mzee," akanionyesha ukuta mweupe akaniomba niandike jina la kampuni, lakini niliandike lionekane kama limeandikwa na mashine. Nilimwuliza, basi kwa nini usiite mashine? Akasema mashine haiwezi kupanda ngazi. Nikapanda ngazi.

Waliobaki na sisi ni makanisa. Kanisa dogo halina haraka na linapenda kitambaa, kwa sababu kitambaa kinakunjwa, kinahamishwa, kinaenda mkutano wa injili uwanjani na kurudi. Nimeandika YESU YU KARIBU mara nyingi kuliko jina langu. Kuna ukuta mmoja pale mtaa wa Satellite niliandika maneno hayo kwa buluu, na kabla rangi haijakauka mwenye ploti akatoka akaniomba niongeze chini yake USIKOJOE HAPA. Nikamwambia mzee, hayo mawili hayaendi pamoja. Akasema yanaenda sana, huyo akija akute pakavu. Niliandika. Bado nafikiri hakuwa amekosea.

Ni ukuta huo ulioniletea Mwalimu Nahashoni.

Alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, amestaafu, mtu mrefu mkavu wa kutoka upande wa Kiambu, mwenye sweta moja ya kijivu ambayo jua la Nairobi halikuwahi kuishinda. Alisimama nyuma yangu akaniambia zile herufi zangu zimekaa sawa kama darasa lenye nidhamu. Halafu akaniuliza kama naweza kuandika miaka. Nikasema miaka naandika, mingapi? Akasema elfu mbili mia tano na ishirini.

Nilidhani ni mzaha wa walimu. Alinichukua mpaka nyuma ya ploti aliyokuwa akiishi, kwenye chumba kirefu cha mabati ambacho zamani kilikuwa banda la kuku, na ukivuta pumzi vizuri bado kilinuka kuku kidogo. Kila Jumatano mchana watu thelathini na kitu walikutana humo kusoma unabii: mama mboga, walinzi wa zamu ya usiku, karani mmoja mstaafu, na mzee aliyeitwa Gitau aliyekaa mbele kabisa na kuitikia amina hata kabla sentensi haijaisha. Mwalimu hakujiita nabii. Hilo alilichukia. Alisema yeye anasoma tu saa iliyotundikwa na mwingine.

Akanifungulia kitabu cha Danieli, akanieleza polepole kama mtu anayemlisha mtoto uji. Kulikuwa na mfalme wa Babeli aliyejivuna mpaka Mungu akamtoa kwenye kiti, akala nyasi kama ng'ombe nyakati saba. Wakati mmoja, alisema Mwalimu, ni siku mia tatu na sitini. Zidisha kwa saba. Zikawa elfu mbili mia tano na ishirini. Na siku moja ya unabii ni mwaka mmoja wa watu. Kisha akaniambia alipoanzia kuhesabu: mwaka nyumba ya Bwana kule Yerusalemu ilipomalizwa kujengwa tena baada ya uhamisho, miaka mia tano na kumi na sita kabla ya Kristo, mwezi unaolingana na Machi yetu. Toa mia tano na kumi na sita kwenye zile zote, kinachobaki ni elfu mbili na nne. Mwezi wa tatu.

Wakati huo tulikuwa tumemaliza Krismasi, Januari ya mwaka huo huo imeanza.

Sijui niwaambieje, vijana. Mimi ni mtu wa darasa la nne. Nimeishi kati ya namba maisha yangu yote, namba za nyumba, namba za simu, sijawahi kuona namba ikinyanyuka kutoka kwa mfalme anayekula nyasi na kutembea kwa mguu mpaka mlangoni kwetu Satellite. Nywele za mikono zilinisimama. Nilimwuliza lile swali ambalo nanyi mnataka kuniuliza, kwamba si imeandikwa hakuna aijuaye siku wala saa. Mwalimu alitabasamu, alikuwa akilingojea.

"Siku na saa, Fundi," akasema. "Mwaka hakuutaja."

Alichotaka ni kitambaa cha amerikani ambacho kila mwaka una mstari wake, mstari mmoja baada ya mwingine, nusu sentimita kati yake, mpaka mwisho. Alikuwa amepiga hesabu tayari: mita kumi na mbili na sentimita sitini. Kingeanza kona ya nyuma, kipite ukuta wote mrefu, kipinde, kiishie kando ya mlango. Alisema watu wake wamechoka kusikia. Anataka waone. Mtu akae kwenye benchi na auone urefu wa subira ya Mungu kwa macho yake.

Na juu ya mistari nichore wanyama wa ndoto ya Danieli. Hapo niliogopa, nikamkumbuka Mutiso na kisu chake. Simba mwenye mabawa alitoka vyema. Dubu alitoka kama mbwa aliyeshiba, tukamwacha. Mnyama wa nne alitakiwa awe na pembe kumi, na Mwalimu akasimama nyuma yangu akihesabu.

"Fundi, naona kumi na moja."

Nikamwambia hiyo moja naifuta sasa hivi. Akanishika mkono.

"Usifute. Ya kumi na moja iko, ila ni ndogo. Na ina macho."

Nikageuka kumtazama kama anacheka. Hakucheka. Nilichora macho ya mtu kwenye pembe, mawili, kwa brashi nyembamba kabisa ya nywele za mkia, na nilipomaliza yakanitazama. Siku hiyo chakula cha mchana kilinishinda. Ndugu zangu, kuna watu wanaosoma mambo haya kama wanasoma gazeti. Mimi niliyashika kwa mkono, na ninawaambia yana uzito.

Tulikosana mara moja tu, na ni kwa ajili ya rangi. Fundi wa zamani haandiki tarehe kwa rangi ya mafuta. Njoroge aliwahi kuandika bango la ufunguzi wa duka ambao uliahirishwa mara tatu, na tangu hapo tarehe zote tuliziandika kwa rangi ya maji, zikibadilika unapitisha kitambaa chenye unyevu. Nilipomweleza Mwalimu kwamba huo mwaka wa mwisho nitauweka kwa rangi ya maji, uso wake ulibadilika. Aliniuliza kama nadhani neno la Mungu ni ufunguzi wa duka. Nikasema hapana Mwalimu, ni desturi tu ya kazi. Akasema basi desturi hiyo niiache mlangoni. Nikaahidi mafuta.

Kila siku saa nne mkewe aliniletea chai. Jina la mtoto wao wa kwanza ni Rahabu, kwa hiyo tulimwita Mama Rahabu. Mama mpole, mwenye maneno machache na yote yana chumvi. Siku ya kwanza aliweka kikombe hewani, kando ya meza, kikaanguka. Nikadhani ni bahati mbaya. Siku ya pili alipiga teke kopo langu jekundu lililokuwa wazi kabisa miguuni pake. Sasa mimi kazi yangu ni macho ya watu. Najua herufi ya upana wa kiganja inasomeka kwa hatua ngapi, najua mtu anayepita na mzigo anaona nini. Nilimtazama yule mama akisoma maneno niliyoandika juu ya kitambaa, herufi za kusomeka kutoka getini, na yeye amesimama karibu, anageuza kichwa, anachukua herufi moja, anaiacha, anatafuta nyingine.

Nilimwuliza polepole, "Mama, unaona kiasi gani?"

"Kama mtu anayechungulia kwenye bomba," akasema. "Katikati iko. Pembeni pote wameshazima taa."

Ilikuwa presha ya macho. Alikuwa amekwenda hospitali moja Parklands mwezi wa Desemba, na daktari alikuwa amemwambia wazi bila kumfunika: kilichopotea hakirudi, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa kwa upasuaji, na usipite mwezi wa tatu. Baada ya hapo hata hilo bomba litaziba. Alimwambia mumewe. Na Mwalimu, ambaye msidhani alikuwa mtu mgumu, alimshika mkono kwa furaha. Mwezi wa tatu! Ni ule ule! Kwa nini wamkate macho yake ya zamani wiki chache kabla ya kupewa mapya?

Nilimwuliza kama na yeye anaamini. Alikaa kwenye benchi, akapangusa kikombe kwa upindo wa leso.

"Naamini," akasema. "Na nilipenda, Fundi. Nilipenda sana kwamba kitu cha kwanza nitakachokiona chote, na pembeni zake zote, kiwe ni uso wake."

Nilichukua kikombe, nikarudi kwa wanyama wangu.

Na Mwalimu alimpenda huyo mama. Nilimwona akimfulia, akimwanikia, akimwongoza kwa kiwiko kupita matope ya ploti kama anayebeba yai. Nimewaza baadaye kwamba labda alikuwa akiuvuta ule mwaka kwa kamba, aulete karibu kwa ajili yake. Lakini hayo ni mawazo ya mzee, msiyanukuu.

Basi nikaanza mistari, kwanza kwa chaki. Kama nilivyofundishwa, sikuanza kona. Nilianza pale penye msalaba, niliouchora kuonyesha kuzaliwa kwa Bwana, niende kushoto miaka ya kabla na kulia miaka ya baada. Kila mstari wa kumi unaandikiwa namba yake chini. Mwalimu alikuwa amenipa karatasi yenye kila kitu, na kwenye karatasi hiyo, chini ya msalaba, kulikuwa na mstari mmoja mrefu kuliko yote. Kushoto kwake moja, mbili, tatu. Kulia kwake moja, mbili, tatu. Chini yake hapakuandikwa kitu.

Nina tabia yangu kwamba sipigi mstari ambao sijui jina lake. Ni kama kumchora mtu usiyejua ana macho mangapi. Nikamwita Mwalimu nikamwuliza, huu mwaka wa katikati unaitwaje? Akasema weka sifuri. Nikamwuliza tena, kwa ujinga tu wa kutaka kujua, katika mwaka huo sifuri nani alikuwa mfalme, na watu waliandika nini kwenye barua zao. Unaona, nilitaka kuchora kitu kidogo pale juu, taji labda.

Alisema ngoja nikuangalizie. Akaenda nyumbani akarudi na kitabu kinene cha historia cha shule, kimefungwa kwa gundi ya karatasi. Akafungua, akasoma kwa kidole. Akageuza ukurasa, akarudi ule wa kwanza. Mwaka wa kwanza kabla ya Kristo. Mstari unaofuata, mwaka wa kwanza baada ya Kristo. Katikati yake hakuna kitu. Hakuna mfalme, hakuna barua, hakuna mtu aliyezaliwa wala kuzikwa.

Mimi nilikuwa naelewa polepole, lakini mkono wangu ulielewa haraka. Nikasema, "Mwalimu, basi hii nguzo haipo."

Nikaifuta. Ikabidi upande mzima wa kulia usogee nusu sentimita kuelekea msalabani. Tukahesabu nafasi, si nguzo, nafasi, kama Njoroge alivyoniingizia akilini. Kutoka mia tano na kumi na sita ya kabla mpaka elfu mbili na nne ya baada: elfu mbili mia tano na kumi na tisa. Tulirudia. Yeye kwa kalamu, mimi kwa rula na uzi wa chaki. Ilipungua moja.

Mwalimu alikaa chini sakafuni. Mtu aliyefundisha hesabu watoto wa watu miaka thelathini. Nilidhani atalia, au atanifukuza. Kumbe alikuwa akitazama ile nafasi tupu iliyo chini ya msalaba, mdomo wazi kidogo, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeingia mahali patakatifu na viatu.

"Mwaka mzima," akasema. "Watu wote wale, vitabu vyote vile, na hakuna aliyekuwa ndani yake."

Na mimi nilikuwa hivyo hivyo, nywele wima. Kwa nusu siku hatukufikiria kitu kingine. Nawaambieni ukweli, na unaniaibisha: sikumfikiria Mama Rahabu. Nilijivuna. Mtu wa ng'ombe wa miguu mitano amesahihisha hesabu za mwisho wa dunia. Niliongeza tu mstari mmoja zaidi kando ya mlango, nikaandika chini yake elfu mbili na tano, kwa rangi ya mafuta kama nilivyoahidi. Ni nilipokuwa nikiosha brashi kwa mafuta ya taa ndipo chai ya saa nne ikaja, nikamwona akitafuta meza kwa vidole, nikakumbuka mwezi wa tatu wa daktari.

Nilimwendea Mwalimu nikamwambia wacha mama aende Parklands, mwaka ni mrefu. Alinisikiliza kwa heshima. Akasema Mungu asingefunua jambo kubwa namna ile halafu amwache mtumishi wake gizani kwa ajili ya mwaka mmoja. Alisema ni jaribu la imani, na kwamba atalitangaza Jumatano. Nilijaribu tena, akaniambia, "Fundi, wewe umemaliza kazi yako." Na ilikuwa kweli, nilikuwa nimemaliza.

Jumatano nilikwenda. Fundi huwa anarudi kuona bango lake likisomwa, ni udhaifu wa kazi hii. Mabati yalikuwa yanachemka. Watu walikaa kwenye mabenchi wakigeuza shingo, wakifuata mistari kutoka kona ya nyuma, ukuta mrefu wote, kona, mpaka mlangoni. Mama mmoja muuza sukuma alinyoosha mkono akagusa miaka ya babu zake, akaurudisha haraka kama umeungua. Mwalimu alipita nayo yote kwa fimbo. Alieleza sifuri isiyokuwepo, akalitaja jina langu, watu wakanitazama. Kisha akafika mlangoni, akagonga mstari wa mwisho. Bwana ametuongezea mwaka, akasema, wa kujitakasa. Gitau akasema amina, na wengine wakafuata, na ilikuwa amina nzuri, ya watu waliopunguziwa adhabu.

Mama Rahabu alisimama. Hakuwa mtu wa kusimama mle ndani.

"Baba Rahabu," akasema, "nina neno."

Mwalimu akamwambia aseme.

"Nilikubali kungoja mwezi wa tatu, kwa sababu daktari alisema mwezi wa tatu na wewe ulisema mwezi wa tatu. Sasa wewe umesogea. Daktari hajasogea." Alikuwa akimtafuta kwa kichwa, kushoto, kulia, mpaka akamweka kwenye lile bomba lake. "Macho yangu hayana mwaka mwingine."

Gitau alimgeukia kwa upole, hakuwa mtu mbaya, akasema, "Mama, imani."

"Imani ninayo, mzee," akamjibu. "Hiyo haijapungua. Ila ningependa kuwaona wajukuu wangu huo mwaka wenu mkijitakasa."

Nilisikia mabati yakilia kwa joto. Mwalimu alikuwa bado ameinua fimbo, na niliyaona macho yake yakitoka kwenye ile namba kwenda kwa mkewe, na kutoka kwa mkewe kurudi kwenye namba, mara nyingi. Nilijua anapiga hesabu. Ni mtu aliyeamini kwamba kila kitu kina jibu moja chini ya mstari. Akaweka kidole gumba kwenye ule mwaka wa mwisho, akausukuma kidogo, kama anataka kujua kama unasogea. Ulikuwa umekauka.

Aliiweka fimbo juu ya meza. Akafunga kitabu, akakiweka kando ya fimbo, akavinyoosha viwe sambamba. Alishuka, akapita katikati ya mabenchi, akamshika mkewe kiwiko.

"Parklands wanafunga saa ngapi?" akamwuliza, kama hakuna mtu mwingine mle ndani.

"Saa kumi na moja," akasema mama.

Upasuaji ulifanyika juma hilo hilo, binti yao aliniambia nilipokutana naye stendi mwezi uliofuata. Lile bomba halikupanuka wala halikuziba, na ndicho daktari alichokuwa ameahidi, si zaidi.

Lakini siku ile hatukujua. Walitoka mlangoni, Mwalimu mbele kidogo, akimwonyesha kizingiti kwa mguu. Gitau alisema Mwalimu atarudi kutufungia kwa sala, basi tuimbe kwanza. Tuliimba wimbo wote, tukaurudia. Jua liliingia kwa mlango likatambaa juu ya miaka ya mwisho. Nilisogea nikachungulia nje, nikawaona mwisho wa njia ya vumbi, wawili, sweta ya kijivu na leso, wanakwenda kwa mwendo wa mama. Mwalimu hakugeuka. Kitabu chake kilikaa pale mezani juma lile, na lile lililofuata, tukimngoja kila Jumatano, na hakurudi tena.